Roshani Iliyokataa Kukauka

Wifi yangu Maimuna alizikwa Mokowe baada ya sala ya Ijumaa, na mimi sikuwahi maziko. Magoti yangu siku hizi hayakubali kuharakishwa kwenye ngazi za gati. Nilifika kesho yake, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, tukamsomea Yasini, na tulipomaliza mjukuu wake mmoja, msichana asomaye Mombasa, akanisogelea akaniuliza, "Bibi alikuwaje alipokuwa mwari?" Nikataka kumsimulia arusi ya bibi yake, namna alivyopendeza hata watu wakaogopa asipatwe na jicho. Badala yake kilichonitoka ni habari ya rangi ya mbao. Msichana akatabasamu kwa adabu, kama wanavyotabasamu vijana wakidhani mzee amepotelewa. Nikaomba maji. Lakini njia nzima ya kurudi Amu, ndiyo Lamu, nilikuwa nikijiambia kwamba sikupotelewa hata kidogo. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, arusi ya Maimuna na rangi ile vilikuwa kitu kimoja, na kilichoviunganisha ni hofu. Waliokuwa ndani ya nyumba ile wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nisiposema mimi, hakuna wa kusema.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetolewa Kizingitini kuja kuolewa mjini Amu. Habari za kwetu na jinsi posa ilivyofika naziacha, si za hapa. Mume wangu Abdalla alikaa nami miezi miwili, kisha akarudi Mombasa alikokuwa akifanya kazi dukani kwa watu, akaniacha na mama yake, Bi Rukia, na dada yake Maimuna, na bibi yao mzaa mama, ambaye sote tulimwita Nana. Nyumba ilikuwa ya mawe, ndefu kwenda juu, na ngazi zake zilikuwa na giza hata saa sita za mchana. Nilijifunza kuzipanda kwa kupapasa ukuta. Chini kulikuwa na ua wa ndani na jiko. Juu kulikuwa na chumba cha Nana, chumba changu, na mbele yao sakafu ya mbao iliyotokeza juu ya ua, wazi kwa upepo, yenye paa la makuti. Hiyo ndiyo tuliyoiita roshani. Ubao wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, na kwa ajili ya arusi ya Maimuna, Bi Rukia akaamua uwekwe mpya.

Bi Rukia hakuwa mtu wa kupiga kelele. Laiti angekuwa. Mtu wa kelele unajua amefika wapi na bado amebakisha nini. Yeye alinyamaza, akakutazama, akaondoka, na wewe ukabaki ukijihesabia makosa, mengine ya kwako na mengine ya kubuni. Tulikula sinia moja, na mimi nilikuwa nikila upande wangu kwa ncha za vidole, nikiogopa punje ya wali isianguke mkekani. Jioni alishuka jikoni kutazama moto kama umezimwa, akapanda, halafu akashuka tena kutazama jivu, na mara nyingine akashuka tena. Nilidhani ananikagua mimi, kwa kuwa jiko lilikuwa zamu yangu. Na siku moja, nikiwa nimekaa ngazini gizani na kapu la mchele, nilimsikia akizungumza na jirani yake, Bi Salha, chumbani.

"Na huyu wa Kizingitini umemwonaje?" akauliza Bi Salha.

"Bado simyui," akajibu Bi Rukia kwa Kiamu chake. "Tutaona arusi ikipita."

Basi maneno hayo mawili matatu yakawa ndiyo kitanda changu na mto wangu. Tutaona arusi ikipita. Mume wangu alikuwa na mke kabla yangu, nilijua. Alirudishwa kwao kabla ya mwaka kwisha, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kisa. Leo nikiwa mtu mzima nafikiri huenda mke yule mwenyewe alitaka kwenda zake. Lakini msichana wa miaka kumi na minane hafikiri hivyo. Niliona sanduku langu la nguo limefungwa, niko mashuani narudi kwetu, na wanawake wa Kizingitini wamesimama ufukweni wakiniangalia nikishuka.

Fundi Shee ndiye aliyezipigilia mbao mpya. Siku hizo sisi wanawake tulihamia kwa Bi Salha, na Nana, ambaye hakuweza kutembea, alibebwa na kitanda chake hadi huko, akilia njia nzima kwa maumivu. Bi Rukia alitembea kando ya kitanda ameshika mkono wake, uso umemkauka. Tuliporudi, roshani ilikuwa imekamilika, nyeupe na yenye kunukia mbao. Fundi akasema imebaki rangi na mafuta, kazi ya siku chache, ila itabidi tuhame tena.

"Mama hahami tena," Bi Rukia akamjibu kutoka nyuma ya mlango. "Acha zitu zako hapo. Tutapaka wenyewe. Kupaka rangi ni kupaka tu."

Fundi akaacha madebe: rangi ya kahawia, mafuta ya kitani na chupa ya tapentaini. Tukaosha mbao asubuhi kwa maji na sabuni, na mchana wake tukaanza. Hatukusubiri hata zikauke barabara, kwa sababu jumaa ya pili yake wanawake wa upande wa bwana arusi walikuwa waje. Bi Rukia alisimama mlangoni akiamrisha, nami na Maimuna tulipaka. "Tia nyingi," akasema. "Mbao zina kiu." Tukatia nyingi. Tulipomaliza akaona haijawa nyeusi kama alivyotaka, akasema turudie juu yake, tukarudia. Jua lilipokuwa likishuka roshani iling'aa kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta, na nilimwona Bi Rukia, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akikaribia kutabasamu.

Asubuhi yake nilitoka chumbani kwenda kumpa Nana maji, na mguu wangu ukabaki. Sina namna nyingine ya kusema. Niliuinua na sakafu ikanivuta, ikatoa sauti kama ya mtu abusuye. Nikatazama. Palipokuwa na maji ndani ya ubao rangi ilikuwa imefanya mabaka, hapa jeusi, hapa jekundu, hapa palipopauka kama ugonjwa wa ngozi. Katikati pote palikuwa na utando unaonata, na paka wa jirani alikuwa amepita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, ameacha nyayo na manyoya. Mistari ilionekana kila mahali tulipopumzisha brashi. Maimuna akaja nyuma yangu, akashika mdomo.

"Ole wetu," akasema. "Watakuja kukaa hapa na mabuibui yao ya hariri."

Bi Rukia akatoka. Akatazama sakafu muda mrefu, akatazama nyayo za paka, akanitazama mimi. Kisha akaingia chumbani mwa mama yake na kufunga mlango. Siku ile hakusema neno, hata la kuomba chumvi. Tulikula muhogo na samaki wa kupaka, kila mtu akitazama upande wake wa sinia. Aliyeamrisha ni yeye, kila mtu alijua. Lakini mimi nilijua vilevile kwamba katika nyumba, kosa hutafuta mtu wa kulibeba, na mara nyingi humpata aliyekuja mwisho. Tukangoja siku mbili ikauke. Haikukauka. Kila asubuhi niligusa kwa kidole, na kila asubuhi kidole kilinata.

Siku ya tatu nikafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya maishani mwangu: nilimpelekea mwanamume salamu bila ruhusa ya mkubwa wa nyumba. Nilimtuma mtoto wa Bi Salha kwa Fundi Shee, na fundi akaja akasimama dakani, nje ya mlango mkubwa, nami nikasimama ndani, mlango umefungwa nusu, buibui limenifika puani. Bi Rukia alikuwa juu. Niliweza kusikia viatu vyake vya mti vikitembea.

"Bibi, ukigusa yanata au yateleza?" akauliza fundi kwa sauti ya chini.

"Yanata."

"Mbao mliziosha?"

"Tuliziosha."

"Mkangoja?"

Nikalivuta buibui juu zaidi. Nilimsikia akipumua kwa pua.

"Mlifuta baada ya kupaka?"

"Kufuta? Tufute rangi tuliyoipaka?"

"Yallah!" akasema, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeona mtoto wa mtu akianguka. Kisha akanieleza, na mimi nikayashika maneno yake kama nashika sura ya Kurani ya kwenda kuisoma mbele ya mwalimu. Ubao, akasema, hunywa kiasi chake. Ukishiba, kinachobaki juu si rangi tena, ni uchafu. Nichukue tambara, nilitie tapentaini, nisugue ule utando mpaka utoke. Niache mbao wazi zikauke kwa jua na upepo, siku mbili au tatu. Nipige msasa kwa kufuata mishipa ya ubao, nisiikate. Halafu nipake nyembamba, ubao mmoja mmoja kutoka mwisho hadi mwisho, nisisimame katikati hata nikiitwa, na kabla haijashika nifute yote iliyobaki juu.

"Na yale mabaka meusi?"

"Yatapungua. Hayatakwisha. Atakayeyaona ni yule aliyeyafanya."

Nilipogeuka, Bi Rukia alikuwa amesimama kwenye ngazi, gizani, sijui kwa muda gani. Nikangoja anifukuze.

"Amesema tapentaini?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi fanya," akasema, akapanda.

Nikafanya. Nilisugua sakafu ile kwa magoti na viwiko, Maimuna akinisaidia mpaka somo wake, mwanamke wa kumfunda, alipokuja kumweka ndani kwa liwa na mafuta, asiruhusiwe tena kazi. Niliendelea peke yangu. Utando ulitoka kama masizi, na matambara yakaloa, yakajaa, tukawa tunayatia katika kapu moja kubwa la ukindu. Nikapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nikaanza kupaka upya, nyembamba, nikifuta, na nikaona mishipa ya ubao ikitokea chini ya rangi kama mtu anayefungua macho. Nilifurahi kwa namna ya woga, kama mtu abebaye yai. Na matambara ya mafuta nikayaongeza kapuni, nikayashindilia kwa mguu yapate kuenea, na kwa kuwa wageni wangeweza kuja kuchungulia wakati wowote, nikalisukuma kapu pembeni, chini ya makuti, karibu na mlango wa Nana.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, nyumba ilikuwa imetulia kwa joto la kaskazi. Maimuna alikuwa chini na somo wake. Bi Rukia alikuwa amekwenda kuazima masufuria. Mimi nilikuwa nimebakiza mbao sita au saba, nimepiga magoti na brashi mkononi, niliposikia Nana akikohoa. Nikamwita, "Nana, nikuletee mai?" Hakujibu, alikohoa tena. Ndipo harufu iliponifikia: harufu chungu, nzito, si ya jiko. Nikainua kichwa. Kapu lilikuwa likitoa moshi. Hapakuwa na moto karibu, hapakuwa na taa, hapakuwa na mtu. Moshi mweupe ulitoka katikati ya matambara taratibu, kama unavyotoka chetezoni, ukipanda moja kwa moja kwenye makuti.

Nataka niseme ukweli wa hofu ile. Kwanza sikuogopa moto. Niliogopa jini. Nilidhani ni kitu kimetumwa, kwa sababu moto usiowashwa na mtu nilikuwa siujui. Nilibaki pale nimepiga magoti, nasoma Ayatul Kursiyu, na maneno yananipotea. Nana akakohoa mara ya tatu na kusema kwa sauti ndogo, "Rukia? Rukia, yuko wapi Salma?" Sikujua Salma ni nani. Lakini sauti ile ya mtu asiyeweza kuinuka iliniinua mimi. Nikalishika kapu kwa masikio yake mawili, na nilipolinyanyua tu, hewa ikaingia, matambara yakawaka bwi! mbele ya uso wangu.

Choo chetu kilikuwa upande wa pili wa roshani, na ndani yake birika, tangi la mawe la maji ya kuogea. Nilikimbia. Nilipita juu ya mbao nilizozipaka asubuhi ile, rangi mbichi ikinitelezesha, kapu limewaka mikononi mwangu, na kitu pekee nilichokuwa nikikifikiri ni kwamba nikiliachia litaanguka juu ya mbao zenye mafuta na yote yatakwenda: roshani, makuti, Nana, Maimuna na liwa yake mwilini. Masikio ya kapu yakakatika mlangoni mwa choo. Nikalikumbatia kwa viganja kutoka chini, nikalitumbukiza birikani. Maji yakalia. Kisha kukawa kimya, na moshi, na mimi nikaitazama mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine.

Bi Rukia alinikuta nimekaa mlangoni kwa Nana, mikono nimeiweka mapajani, viganja juu. Alikuwa amebeba sufuria kichwani. Akalishusha, akaenda akatazama birika, akayatazama makuti, akaingia kwa mama yake akatoka. Kisha akaketi mbele yangu sakafuni, juu ya rangi mbichi, na nguo yake nzuri, na nikaona kwamba anatetemeka kuliko mimi. Mwanamke niliyemwogopa mwaka mzima alikuwa akitetemeka kama kuku aliyeloa.

"Nyumba yetu ilikuwa ya makuti," akasema. "Nalikuwa mdogo kuliko wewe. Nalitoka na mama. Nilimburura, kiuno kikamvunjika, lakini nalitoka naye. Salma, mdogo wangu, alikuwa ndani."

Akanyanyuka, akaleta asali na vitambaa vya melimeli, akanifunga mikono kidole kwa kidole. Jioni akashuka jikoni kutazama moto, akapanda, akashuka tena, nami nikamsikiliza kutoka kitandani na kwa mara ya kwanza nikajua anatafuta nini.

Fundi Shee alipopata habari alikuja mbio, akasimama dakani akijilaumu. Mafuta ya kitani, akasema, yakikauka hutoa joto, na tambara likikunjwa joto lake halina pa kutokea. Huiva lenyewe mpaka liwake. Sisi mafundi huyatandaza moja moja juani au kuyazamisha majini, akasema, na sikuwaambia kwa kuwa sikukumbuka kwamba hamjui. Bi Rukia alimsikiliza, akamwambia aende zake kwa amani.

Lakini roshani ilikuwa na nyayo zangu za kukimbia, na mbao sita au saba hazijapakwa, na arusi imebaki siku tatu. Mikono yangu ilikuwa mafurushi mawili. Basi asubuhi Bi Rukia akajifunga kanga kifuani na nyingine kiunoni, akapiga magoti, akashika msasa. Mimi nilikaa juu ya kiti kidogo kumwelekeza, na hiyo ilikuwa hofu ya aina yake: mkaza mwana kumwamrisha mama mkwe.

"Mama, usisimame katikati ya ubao."

"Nimechoka."

"Fika mwisho kwanza, Mama. Tafadhali. Sasa futa. Futa kabla haijashika."

"Naifuta rangi yangu kwa mkono wangu," alinung'unika, lakini akafuta. Kila tambara alilomaliza alilipeleka mwenyewe birikani, akarudi, akaangalia mikono yake kama ina moto, akaendelea. Nyayo zangu alizisugua kwa tapentaini, akazipiga msasa, akazipaka nyembamba, na moja iliyokuwa karibu na mlango wa Nana ilikataa kutoka kabisa. Akaisugua mara nyingi. Mwisho akaiacha.

Siku ya arusi wanawake wa upande wa bwana arusi walipanda ngazi zetu za giza kwa vigelegele na udi, wakajaa roshani nzima, wakakaa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo, nasubiri mmoja wao ainuke na buibui lake libaki chini. Hawakunata. Walicheza, walitupa vidole hewani, wakateleza na miguu yao juu ya mbao zile, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini. Mabaka yalikuwapo, nayaona mpaka leo, lakini fundi alisema kweli. Wao waliona sakafu tu.

Wali ulipoletwa sikukaribia sinia. Mkono uliofungwa hauli, na kulishwa mbele ya wageni ni aibu, kwa hiyo nilikuwa nimejipangia kukaa na njaa mpaka wote waondoke. Bi Rukia akaniona. Alikuwa ameketi katikati ya wakubwa, mama yake bwana arusi kuliani kwake. Akanyanyua kidole, akaniita.

"Ndoo hapa."

Nikaenda nikipita baina ya magoti ya watu, uso umeniwaka. Akajisogeza, akanionyesha pa kukaa, baina yake na mama yule mgeni. Mazungumzo yakapungua. Akatwaa tonge la wali, akachambua nyama akaiweka juu, akalibana kwa vidole vyake vitatu, ambavyo kucha zake zilikuwa bado na rangi ya kahawia pembeni, akalileta mdomoni mwangu. Nikamtazama, nikitafuta usoni mwake kama ni adhabu au ni nini.

"Tafuna," akasema, tayari anabana tonge la pili. "Usinikodolee mato."